Nywele Ndani ya Gari la Plastiki

Mwalimu alipofungua bawaba ya gari langu mbele ya darasa zima, zilitoka nywele.

Siyo uzi. Siyo vumbi. Nywele za binadamu, fupi fupi, nyeusi kwa nyeupe, zimeshindiliwa mle ndani kama pamba kwenye mto.

Halafu sauti ikatoka nyuma:

"Mama, hilo ni gari au hirizi?"

Wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta.

Ndugu msomaji, mimi ni mtu mzima. Wajukuu ninao. Sijawahi kukanyaga kwa mganga, na goti langu limeota sugu kwa sala. Lakini siku ile niliondoka darasani na jina jipya.

Mama Hirizi.

Ngoja nianzie mwanzo, usije ukapotea.

Mimi naishi kwa cherehani. Nashona mito ya viti vya magurudumu kwa karakana iliyo ng'ambo ya barabara. Watu wanaokuja kuchukua viti vyao nawaona dirishani. Kiti kikipita juu ya kijiwe tu, mtu anang'ata meno kwa maumivu ya mgongo. Mto wangu unasaidia, lakini kidogo.

Siku moja nikamuuliza fundi mkuu wa pale, "Hivi, viti hivi haviwezi kuwekewa springi?"

"Nani wa kuviwekea? Wewe?" Akacheka. Kisha akaniangalia vizuri, akaona sitanii. "Dada, mto hautibu chuma. Nenda masomo ya ufundi ya jioni, upate cheti cha hatua ya kwanza. Ukija na hicho cheti, nakupa meza ya kazi. Bila hicho, endelea na mito yako."

Meza ya kazi.

Niliondoka pale nimeyakumbatia maneno yale kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Nilitolewa shule nikiwa mdogo ili kaka zangu wasome. Sikulia wakati ule. Nilikuja kulia siku niliyojiandikisha masomo ya jioni, karani akaniuliza, "Mama, unamwandikisha nani?"

Darasani wote ni umri wa wanangu. Mwalimu mwenyewe ni mdogo kwangu, na ulimi wake msasa. Mtu anayeanza hamruhusu kugusa chuma. Anampa matofali ya plastiki, yale ya watoto, ya kubana moja juu ya jingine, pamoja na magurudumu yake na vipini vyake vya kuunganishia.

"Jengeni gari," alisema siku ya kwanza. "Dogo, la kukaa kiganjani. Lakini liwe na springi. Mkikosea hapa hakuna anayekufa."

Mtihani wake ulikuwa mwepesi kuuelewa. Kulikuwa na ubao mrefu uliogongewa vijiti, kama matuta ya barabarani. Juu ya gari lako anaweka glasi ndogo ya maji, imejaa mpaka ukingoni. Gari linavutwa kwa kamba toka mwanzo wa ubao mpaka mwisho. Maji yakimwagika, umefeli.

"Tairi liumie, abiria asijue," alisema. "Hiyo ndiyo kazi ya springi. Mnapewa nafasi tatu. Ukimwaga mara tatu, nenda kauze maji."

Watu wakacheka. Mimi nikaandika.

Gari langu la kwanza, la kujifunzia tu, niliwekea springi za kalamu. Nilizichomoa kwenye kalamu za mjukuu wangu, Mungu anisamehe. Lilipogonga kijiti cha kwanza, glasi iliruka kama chura.

"Springi ngumu haibebi, inarusha," Mwalimu akasema. "Gari jepesi kama unyoya umelifungia springi ya lori. Chukua kitu laini."

Nikarudi nyumbani nikafikiri. Kila tairi nikalipa mguu wake. Mguu nikaufunga kwenye fremu kwa bawaba ya kipini, uweze kupanda na kushuka bila kukwama. Kisha nikauzuia mguu kwa lastiki nyembamba, ile ya kushonea mikono ya nguo za watoto. Tairi likipanda kijiti, mguu unapanda, lastiki inavutika, mwili wa gari umetulia kama bibi harusi.

Nilipanga fimbo za fagio juu ya meza ya pasi, nikaweka kikombe cha maji, nikavuta.

Hata tone.

Nikapiga kelele mpaka mume wangu akaingia na povu la sabuni mkononi.

Sasa hapa lazima nikujulishe mume wangu.

Ni kinyozi. Banda lake liko mtaa wa pili. Ni mpole, sauti ya chini, mtu wa sala kuliko mimi. Wanawake wa mtaani walikuwa wanawaambia waume zao, "Mwige kinyozi." Mbele za watu alikuwa ananiita "injinia wangu." Nilipoanza masomo, wifi yangu alisema nimeanza kuwehuka. Mume wangu ndiye aliyemnyamazisha.

Kila jioni ya darasa tulikuwa na desturi. Kabla sijatoka, tunapiga magoti ubavu kwa ubavu katika chumba changu cha kushonea, gari liko katikati yetu juu ya kiti kidogo. Mimi naweka mkono, yeye anaweka mkono, tunafumba macho, yeye anaongoza sala. Sala ndefu, tamu, mpaka machozi yananitoka.

Na alinifundisha jambo moja: kitu kikishaombewa hakijaribiwi tena.

"Ukikijaribu umeonyesha shaka," alisema. "Funga kwenye kitambaa, nenda. Imani haipimi mara mbili."

Niliona ni neno zuri sana. Nililiandika ukutani kwa chaki ya kushonea.

Basi nikaenda mtihani wa kwanza. Gari limefungwa kwenye kitambaa cheupe, limeombewa, mimi natembea kifua mbele.

Kijiti cha kwanza tu, maji yote chini.

Miguu ya tairi imekaza kama ya maiti. Mwalimu akaibonyeza kwa kidole, haiendi. Akachomoa kipini cha bawaba.

Ndipo zilipotoka zile nywele.

Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima. Mume wangu alikuwa ameshabandika maji. Alinikalisha, akaniosha miguu kwa maji ya vuguvugu, akanipa chai. Nilipomsimulia habari ya nywele akashika kichwa.

"Mke wangu, nisamehe. Ni mimi."

"Wewe?"

"Nywele za kazini. Zinanigandia kwenye nguo, zinanigandia vidoleni. Zitakuwa zilidondoka wakati wa sala. Mungu wangu, nimekuponza!"

Alilia, jamani. Mwanamume mzima. Mimi niliyefeli nikawa ndiye ninayembembeleza.

Tangu siku hiyo, kabla ya sala anavua shati la kazi, ananawa mpaka viwikoni, ananionyesha viganja kama mtoto. "Safi?" Nami nasema, "Safi."

Nikalisafisha gari kwa sindano, bawaba moja moja. Nikalipima mezani. Hata tone.

Tukaomba. Nikafunga kitambaa. Nikaenda mtihani wa pili.

Maji chini.

Nywele tena.

Safari hii hakuna aliyecheka mwanzoni. Dada mmoja alihamisha kiti chake mbali na changu. Kijana mmoja mwenye kichwa kitupu kama yai, tunamwita Kipara, alikuwa amekaa jirani yangu, nami nikamgeukia kwa hasira.

"Wewe ndiye unayenichezea!"

"Mimi?" Akajipapasa kichwa. "Mama Hirizi, hebu niangalie vizuri. Hizo nywele ningezitoa wapi? Ningekuwa nazo ningekuwa nimeoa!"

Darasa likapasuka. Hata Mwalimu aligeukia ubaoni mabega yakimtetemeka.

Kisha akanigeukia bila tabasamu.

"Mama, nitakuambia ukweli kwa sababu hakuna mwingine atakayekuambia. Kuna watu wameumbwa kwa ajili ya mito. Imebaki nafasi moja. Ukitaka kujipunguzia aibu, usije."

Nilipita mbele ya karakana nikitazama chini, nisije nikaiona ile meza.

Nyumbani maji ya vuguvugu yalikuwa tayari. Chai tayari. Kitambaa cha kunifuta tayari.

Nataka uelewe kitu. Wiki zile zilikuwa tamu kuliko zote katika ndoa yangu. Sijawahi kupendwa vile. Nilipokuwa nafanya vizuri, mume wangu alikuwa mpole tu kama kawaida. Nilipokuwa nafeli, alikuwa ananibeba kama yai. Alinisuka nywele. Aliniimbia. Siku hiyo ya pili aliniambia, kichwa changu kikiwa mapajani kwake:

"Ukiacha pia, mke wangu, mimi sitakucheka. Kwangu hapa huhitaji cheti."

Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Nilimshukuru kwa sauti.

Lakini sikuacha. Nikafunga. Nilikaa na maji tu, nikimwuliza Mungu: "Baba, kama hutaki nisome, niambie. Kama ni mchawi, mfichue." Gari nikalifungia kabatini, ufunguo shingoni. Mtu asingeligusa isipokuwa mimi.

Jioni ya mtihani wa tatu nikalitoa. Nikalipima mbele ya mume wangu. Kikombe kimejaa, fimbo za fagio, nikavuta.

"Hata tone," akasema. "Umeona? Mungu yu upande wako. Njoo tuombe."

Akavua shati. Akanawa. Akanionyesha viganja.

"Safi?"

"Safi."

Tukapiga magoti. Na hapa ndipo Mungu alipojibu, tena alijibu kwa kitu cha kazi yangu mwenyewe.

Kulikuwa na pini ya kushonea imedondoka sakafuni. Niliipigia goti. Ikazama.

Macho yakafumbuka yenyewe kabla mdomo haujalia.

Mbele yangu kuna kioo kirefu, cha wateja kujipimia nguo. Ndani ya kioo nikamwona mume wangu. Macho yake yako wazi kama ya paka. Mkono wake wa kushoto uko juu ya gari, kwenye sala. Mkono wa kulia unatoka kwenye mfuko wa suruali na kifundo kidogo cha nywele. Kidole gumba kinazisukuma ndani ya bawaba, taratibu, kwa ustadi, kama anavyomnyoa mtoto mchanga.

Na mdomo wake unasema:

"Ee Mungu, ilinde kazi ya mikono ya mjakazi wako. Wafunge wote wanaoipinga."

Nilifumba macho.

Sijui ni nani aliyenipa nguvu ya kuyafumba. Pini iko kwenye goti, damu inatoka, nami nasikiliza sala yangu ikiombwa mpaka mwisho. Yote yalipita mbele yangu. Chai. Maji ya vuguvugu. "Kwangu hapa huhitaji cheti." Hakuwa ananichukia, ndugu zangu. Ndilo lililoniuma kuliko yote. Alikuwa ananipenda, ila alinipenda nikiwa nimevunjika, na nilipokuwa sijavunjika alikuwa tayari kunivunja.

Alipofika mwisho nikamwahi.

"Baba watoto, leo niruhusu nimalizie mimi."

"Malizia, mke wangu."

Nikavuta pumzi.

"Mungu wa haki."

"Amina," akaitikia, kama tulivyozoea.

"Wewe unayeona sirini."

"Amina."

"Kuna mkono unaoharibu kazi hii."

"Amina."

"Simtaji mwenye mkono. Wewe unamjua."

"...Amina."

"Mkono huo, Baba, utetemeke. Usishike chombo cha kazi ukatulia. Umwaibishe mbele za watu, yeye na ujuzi wake, kama mimi nilivyoaibishwa. Wala usipone mpaka mwenyewe akiri kwa kinywa chake, mbele ya yule aliyemtendea."

Nikasubiri.

Nilisikia pumzi yake. Nilisikia mkono ukiondoka juu ya gari polepole.

"Sema amina, baba watoto. Sala bila amina ni barua isiyo na anwani."

"Mke wangu, hiyo sala ni kali sana..."

"Kwa nani? Kwa mchawi?"

Angekataa angekuwa amekiri.

"Amina," akasema.

Nikainuka, nikafunga gari kwenye kitambaa, nikambusu shavuni, nikatoka.

Njiani nilikaa kwenye ukingo wa mtaro, nikafanya dhambi niliyokatazwa. Nilikagua kitu kilichoombewa. Nikachomoa vipini, nikatoa nywele zote kwa ncha ya sindano. Nilizipuliza zikaenda na upepo. Hasira ilikuwa imenijaa, lakini mikono haikukosea.

Darasani Kipara akaniona. "Mama Hirizi, leo umetuletea ndevu?"

"Leo nimekuletea wewe nywele, ujaribu kuoa," nikamjibu.

Alicheka mpaka akapiga meza. Nadhani ndiyo siku aliyoanza kunipenda.

Mwalimu alijaza glasi, safari hii akaongeza na tone moja juu, maji yakafura ukingoni kama yanayotaka kusema kitu. Akanitazama. Akavuta kamba.

Kijiti. Miguu ikapanda, ikashuka. Kijiti. Kijiti. Maji yalitikisika kidogo tu, kama ngozi ya maziwa ukiyapuliza.

Gari likafika mwisho wa ubao.

Mwalimu aliinama, akapitisha kidole chini ya glasi. Kikavu.

"Inatosha," akasema. "Anayefuata."

Hilo tu. Mimi lilinitosha.

Nilipofungua mlango wa nyumbani, mume wangu alikuwa ameketi na beseni la maji ya vuguvugu. Chai iko mezani. Kitambaa kiko begani. Hata hakuniangalia usoni.

"Pole, mke wangu," akasema. "Pole sana. Njoo ukae."

"Pole ya nini?"

Akainua macho.

"Nimefaulu," nikasema. "Halikumwaga hata tone."

Alikuwa ameshika kikombe cha chai anipe. Kikombe kikaanza kulia juu ya kisahani chake. Tikitiki, tikitiki, tikitiki. Tukakitazama wote wawili. Alikiweka chini, akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto kama anayeshika kuku asikimbie.

Haujatulia mpaka leo.

Wiki iliyofuata alimkata mteja sikio. Baada yake akamkata mwingine shingoni. Watu wakaanza kumkwepa, wakasema kinyozi amekuwa mlevi, mtu ambaye hajawahi kuonja pombe. Hospitali wakampima, wakasema mishipa iko sawa, damu iko sawa, labda ni mawazo. Banda limefungwa. Viti vyake viwili vya kunyolea tumeviingiza sebuleni, ndivyo wageni wanavyokalia.

Sasa mimi ninayo meza yangu karakanani. Naweka springi kwenye viti vya magurudumu. Jana mama mmoja alipita juu ya mawe yote ya uwanjani akageuka kuniuliza, "Mawe mmeyaondoa lini?"

Jioni narudi nyumbani. Mume wangu ananipokea kwa unyonge.

"Niombee mkono wangu, mke wangu."

"Nitakuombea. Lakini kwanza, kuna la kuniambia?"

Ananitazama. Anajua kwamba ninajua. Mimi najua kwamba anajua. Neno moja tu, naye amefunguliwa. Aliyasikia masharti kwa masikio yake, akayaitikia amina.

"Sina la kukuambia," anasema.

"Basi tule."

Na hapa ndipo utakaponihukumu, nami sitakuzuia.

Kila jioni namwekea glasi ya maji. Siijazi nusu. Naijaza mpaka ukingoni, naongeza na tone moja juu, kama Mwalimu. Naiweka mbele ya mkono wake wa kulia, nakaa, natazama.

Anaiinua. Inamwagika. Kila siku inamwagika.

Ni Mungu, au ni hofu yake mwenyewe? Sijui, wala siulizi tena.

Wenzangu wa sala wananiambia nisamehe. Nami naomba, kweli naomba. Nikishafuta meza napiga goti lile lenye kovu la pini, nasema, "Baba, lainisha moyo wangu, nimsamehe mtu huyu." Maneno yote yanatoka vizuri.

Nikifika mwisho, amina haitoki.

Kwa hiyo somo langu ni fupi, mwenzangu unayesali. Ukialikwa kwenye sala ya mtu, hata kama ni wa ubavuni mwako, sikiliza kwanza anaomba nini.

Ndipo useme amina.